Tata, Shamba Limehama

Tata, baba yangu, shikamoo.

Nakuandikia nikiwa dukani Bomani, nyuma ya mashine ya fotokopi. Nyumbani nimejaribu nikashindwa. Nikikaa tu, nainuka. Mengi yamebadilika tangu tukuzike, lakini hili la shamba lazima nikuambie mwenyewe.

Matanga yalipokwisha, baba mdogo Chacha alikuja kwa Mama. Wachimbaji wadogo wamefika hadi mpaka wetu wa chini, na yeye anaamini dhahabu inapita chini ya shamba letu. Akataka tubadilishane: achukue pale, sisi atupe kipande kwenye shamba lake la juu, mbali na mashimo. "Shemeji, nitakukatia pembetatu ile ile," alisema. "Kama mtu amelibeba shamba akaliweka kule." Mama akajibu atafikiri, halafu akanipigia simu. Sauti yake ilikuwa ndogo. Aliogopa mashimo, aliogopa kupunjwa, na aliogopa kumwonyesha ndugu yako kwamba anaogopa kupunjwa.

Mimi nilikuwa na hofu yangu. Wewe umelala kwenye shamba hilo, kule kona ya juu. Nilitamani nipime nikute vipande haviko sawa, tupate sababu ya kukataa. Tena niliogopa kukuta haviko sawa, maana hapo ningemwita baba mdogo mwizi mbele ya ukoo. Sikujua niombe lipi.

Nikachukua karatasi ya grafu hapa dukani nikaenda kijijini kwetu Nyangoto. Njia nzima nilikuwa nakukumbuka ukichora pembetatu kwa mkaa kwenye mlango wa jikoni, Mama anakugombeza kwamba ualimu uuache shuleni, na wewe unaendelea kuchora. Ulisema, "Robi, umbo likihamishwa tu, bila kuzungushwa, kila kona inasafiri sawa na mwenzake. Lakini usiamini macho. Thibitisha."

Mama alishika kamba upande mmoja, mimi upande mwingine. Nguzo ya umeme ya barabarani tukaifanya sifuri, tukapima kwanza kuelekea mashariki, kisha kaskazini, na kila urefu wa kamba ukawa mraba mmoja kwenye karatasi. Kona za shamba letu zikatoka (1, 2), (5, 2) na (2, 6). Kule juu, ambako baba mdogo alikuwa ameshatuwekea mipaka, ya kwanza ikawa (8, 5), ya pili (12, 5). Zote mbili zimesogea saba mashariki na tatu kaskazini, kwa hiyo ya tatu ilipaswa kuwa (9, 9).

Nikapata (9, 8).

Nikakokotoa ule upande mrefu. Wa kwetu: tatu na nne, tisa ongeza kumi na sita, ishirini na tano, kipeuo chake tano. Wa kule: tatu na tatu, tisa ongeza tisa, kumi na nane, na kipeuo chake hakifiki hata nne na nusu. Mama alinitazama usoni akajua. "Usimwambie mtu," alisema. "Kesho tupime tena."

Kesho yake baba mdogo alituona kwa mbali akaja. Nikamwamkia. Hakuuliza tunafanya nini, alisimama tu akiangalia kamba. Nilipofika kwenye kisiki cha mkonge, kile kile cha jana, nikainama kuweka alama, akasema taratibu, "Mwanangu, kigingi changu kiko mbele. Hicho kisiki ni alama ya zamani." Nikapapasa kwenye majani nikakikuta. Tukavuta kamba upya. (9, 9). Sikuweza kumtazama.

Jumamosi wazee wa ukoo walikaa uani kwetu. Niliweka karatasi juu ya benchi nikawaonyesha upande kwa upande: nne kwa nne, tano kwa tano, na ule wa tatu, kipeuo cha kumi na saba kwa kipeuo cha kumi na saba. Nikasema pande tatu za hii zikilingana na pande tatu za ile, hizo ni pembetatu moja, ukiikata ya chini ukailaza juu ya ile nyingine hakuna kinachobaki nje. Mzee Marwa akauliza, "Kwa hiyo hakuna aliyepunjwa?" Nikasema hakuna. Mama akashusha pumzi. Mimi nikaanza kulia, wakadhani ni furaha.

Baba mdogo ndiye aliyeniuliza nina nini. Nikamwambia, "Kona zote zimefika kule. Tata hajafika."

Alijikuna goti. Kisha akasema, "Kaka yangu hachimbiwi. Sehemu ya kaburi ibaki yenu, na njia ya kufika." Mzee Marwa akataka basi na kule juu kipunguzwe kipande kama hicho, ili mambo yabaki sawa. Baba mdogo akakataa. "Acheni hivyo hivyo."

Kwa hiyo tumehama, Tata. Mihogo ya Mama imeshika kule juu, na kila Jumapili anashuka kupalilia kwako. Lakini mimi situlii. Kamba inapima juu ya ardhi tu, na watu wanaofuata mwamba wa dhahabu huko chini huwa wanasahau walipoanzia. Simu ya Mama ikiita hapa dukani, naipokea nikiwa nimesimama. Mara nyingi anataka tu kujua kama nimekula.

Nakuahidi hivi. Kila mwisho wa mwezi nitakuja, nitaizunguka sehemu yako na kuikagua ardhi. Nikiona ufa, hata mdogo kama uzi, nitakwenda kwa baba mdogo kwanza, nimwambie ana kwa ana, kabla sijamfikiria vibaya moyoni.

Lala, Tata. Kuna mteja mlangoni.

Mwanao,
Robi