Nimemshonea Mwanawe Sare, Kairudisha Mlangoni

Mshauri mpendwa, shikamoo kama umenizidi umri, na kama hujanizidi basi pokea salamu tu, naomba unisaidie kabla sijapasuka, maana nimetenda wema kwa moyo mweupe na sasa mtaa mzima unanikimbia kama nina upele.

Mimi ni fundi cherehani, nashona sare za shule, na kisa chenyewe kilianza pale cherehani yangu ilipoharibika shule zikikaribia kufunguliwa, vitambaa vya watu vimejaa mpaka kitandani, mimi nimekaa nalia, akaja fundi mmoja wa kutengeneza vyerehani, simjui wala hanijui, akaifungua, akaitengeneza, nilipomuuliza malipo akasema naye aliwahi kusaidiwa kwa ajili ya Mungu, kwa hiyo nisimrudishie yeye, nimfanyie mwingine, akabeba mkoba wake akaenda zake. Nililia tena, safari hii kwa furaha, nikaweka nadhiri kwamba kila muhula nitamshonea mtoto mmoja sare ya bure, na kila mzazi nitamwambia maneno yale yale, usinirudishie mimi, mfanyie mwingine.

Nadhiri nimeitimiza, Mungu ni shahidi yangu. Lakini mimi si mtu wa kuanzisha jambo likaishia hewani, kwa hiyo nikawa napita kuuliza, kwa upole tu, wewe umeshamfanyia nani? Muuza viatu akasema alisaidia kusukuma gari lililokwama kwenye tope, nikamuuliza shahidi yuko wapi. Mama mmoja akasema alimpisha mgonjwa kwenye foleni ya zahanati, nikamweleza kwa heshima zote kwamba foleni si sare, sare ina kola, ina mifuko, ina vifungo, atafute wema unaolingana. Sasa muuza viatu akiniona tu anajifanya anaongea na simu, na juzi simu yenyewe kaishika juu chini. Wameniita Mkaguzi. Mume wangu naye, badala ya kunitetea, kila nikivaa viatu ananiuliza leo nakagua upande gani.

Hayo ningeyavumilia. Kinachoninyima raha ni jirani yangu, msusi, mjane, tunatenganishwa na ukuta mmoja na tunachota maji bomba moja, nilipolazwa hospitali yeye ndiye aliyelala na wanangu. Muhula huu nilimshonea binti yake, sketi nikaiachia pindo refu ili akue nayo, shati nikalitia vifungo vya akiba kwa ndani. Siku moja tunatoka kwenye ibada, watu wamejaa uani, nikamuuliza mbele yao, shoga, umeshamfanyia nani? Akajibu kwa sauti ndogo kwamba kuna wale mabinti wanaolelewa na bibi yao, huwasuka bure kila shule zikifunguliwa. Nikamwambia, "Hiyo haihesabiki, ulikuwa unawasuka hata kabla sijakupa sare." Watu wakacheka, nami nikacheka, nikidhani tunataniana.

Kesho yake asubuhi nakuta mfuko umetundikwa kwenye kitasa cha mlango wangu, sare yote imo, imefuliwa, imepigwa pasi, imekunjwa vizuri kuliko ninavyokunja mimi. Mtoto anakwenda shule na sketi ya zamani iliyokunjuliwa pindo, ule mstari wa pindo unaonekana toka mbali, na ananiamkia akiangalia chini. Mama yake haji bombani mpaka mimi niwe nimeingia ndani. Nimeumia, mshauri. Nimekosa nini hapo? Nimpe sare mtoto mwingine, au nisubiri aje aniombe radhi? Nampenda yule mwanamke, na cherehani siku hizi naikanyaga bila hamu kwa sababu hakuna wa kupiga naye soga.

Ni mimi, Fundi wa Sare.

*

Fundi, marahaba, nimekuzidi, tena kwa mbali, kwa hiyo kaa kitako nikuseme.

Kwanza hongera. Wengi wetu tunaweka nadhiri tukiwa na shida, shida ikiisha tunajifanya hatukusema kitu. Wewe umeitimiza. Moyo wako hauna tatizo, tatizo ni mdomo.

Nikuulize: yule fundi wa vyerehani alirudi lini kukukagua? Hakurudi. Hajui kama ulishona sare au ulilala. Alimwachia Mungu, akaenda kutafuta cherehani nyingine iliyokufa. Wewe umelichukua neno lake zuri ukalifungulia ofisi. Unatoa kwa ajili ya Mungu, halafu unakwenda kudai kwa muuza viatu. Na shahidi wa gari kwenye tope, mwanangu, ulitaka akuletee tope lenyewe? Nimecheka mpaka mwenzangu wa meza ya pili kaniletea maji.

Ila kwa jirani yako sicheki. Hebu rudia kusoma barua yako. Umeandika mwenyewe kwamba yule mjane alikuwa akiwasuka mabinti wa watu bure kabla hujampa hata uzi. Hakuna aliyemwagiza. Wewe ulisubiri mpaka cherehani iharibike ndipo ukaanza, yeye alikuwa ameshakutangulia, nawe ukasimama mbele ya waumini wenzako ukamwambia haihesabiki. Aliyekuteua kuhesabu ni nani? Hakurudisha sare kwa kiburi. Alijua kila mwanawe atakapoivaa, yeye atasikia kile kicheko cha uani, akaona heri mtoto avae sketi yenye mstari.

Sasa sikiliza. Sare usimpe mtoto mwingine, uliikata kwa vipimo vya binti yule na ni yake. Leo jioni ichukue, nenda wewe mwenyewe kwa mama yake, usimtume mtoto, na mumeo mwache nyumbani na mdomo wake. Usianze na "kama nimekukosea", kwa sababu umemkosea. Sema, "Nilikuaibisha mbele ya watu, nisamehe," kisha nyamaza, najua itakuwasha. Akiwa na ya kwake moyoni, ayaseme yote bila wewe kudakia. Asipoipokea sare, rudi nayo, na usipite kesho kuulizia. Halafu siku ya ibada, palepale uani, mbele ya wale wale waliocheka, mwombe radhi tena. Aibu uliyompa hadharani huwezi kuimaliza kimyakimya mlangoni.

Nadhiri yako endelea nayo. Mzazi akija, mpe sare, mtakie mtoto masomo mema, rudi kwenye kazi yako. Ile "mfanyie mwingine" ipumzishe kidogo, maana kwa jinsi unavyoisema watu wanasikia wameshitakiwa. Wenye kufanya watafanya, nawe hutajua, na kutokujua hakutakuua.

Na jirani yako, siku atakapoipokea ile sare akakuuliza sasa amfanyie nani, mwambie alishafanya.