Bingwa Hutangulia Nyumbani

Jumatatu, 4 Machi

Mgongo! Tumemwaga zege ghorofa ya tano tangu alfajiri. Pampu ikakwama, tukamalizia kwa toroli. Kalamu yenyewe naishika kwa shida.

Dada alipiga simu wakati wa chakula. Mama jana alimwita yeye kwa jina la shangazi. Mimi bado hajanisahau, ananitaja, anauliza kama nimekula. "Njoo angali anakujua," dada alisema. Hapa likizo haiombwi. Inachezewa mpira.

Jumatano, 6 Machi

Mtu wa nje ukimsimulia atacheka. Kampuni haiwezi kuturuhusu wote kwa mpigo, jengo litalala. Zamani tulipiga kura, watu wakatoana meno. Ndipo mpishi akasema, kwa utani tu: chezeni mpira, bingwa atangulie nyumbani. Utani ukawa sheria. Tuko timu nne – sisi Zege, kisha Nondo wanaofunga vyuma, Mabomba, na Rangi. Bingwa anaondoka na kundi lake lote, hata wasiocheza. Waliobaki wanasubiri mpaka paa liishe. Na paa hilo, Mungu ndiye ajuaye.

Mwaka wa kwanza walichukua Mabomba, na kipa wao alikuwa na kitambi cha kuogopesha. Mwaka uliofuata sisi. Kisha Rangi, kwa goli la kisigino ambalo kila wakilisimulia wanalipaka koti jingine la rangi. Huwezi kujua nani atachukua – utamu wote ulikuwa hapo.

Mwaka huu amekuja mkandarasi mpya wa nondo. Ana hela na anapenda kushinda. Ameajiri "mafundi" wanne ambao hata waya wa kufungia nondo hawajui unapindwa upande gani. Asubuhi wao wanakimbia kuzunguka uwanja. Sisi tunakimbia na toroli.

Jumapili, 10 Machi

Sisi tumewatoa Mabomba kwa penalti. Nilidaka mbili. Wakanibeba!

Kisha Nondo 6, Rangi 0. Refa wetu, dereva wa kreni, alitazama saa zaidi kuliko mpira. Watazamaji waliondoka kabla ya mapumziko. Fundi rangi mmoja, beki, aliketi palepale kwenye kokoto. Eti jana alibeba ndoo hadi giza likaingia, leo mtu aliyelala mchana kutwa anampita kama nguzo, halafu waite mchezo.

Jioni kantini wakafungua runinga, ligi ya wakubwa. Mpishi hakugeuza hata shingo. Anasema bingwa wa huko anamjua kabla msimu haujaanza: tajiri anamnunua anayemsumbua, mwaka ujao hasumbuliwi. "Huo si mpira, ni mnada wenye nyasi." Tulicheka. Mimi niliacha kucheka kabla ya wenzangu.

Fainali Jumapili ijayo. Zege na Nondo.

Jumanne, 12 Machi

Shemeji ameondoka. Mdogo wa mke wangu, mshambuliaji wetu, tunalala kitanda kimoja, yeye juu mimi chini. Nimemkuta anakunja godoro. Nondo wanamlipa mara mbili.

Nikamuuliza, atacheza namba gani? Wana washambuliaji watatu tayari.

"Niko benchi, shemeji. Hawanitaki niwafungie. Wananitaka nisiwafunge."

Alisema taratibu, kama anayesoma kibao cha barabarani. Sikumlaumu. Ana watoto, na ningemzuia, dada yake angenila mzima. Nikamshikia godoro upande wa pili hadi bweni lao. Feni zao zinazunguka!

Alhamisi, 14 Machi

Mazoezi bila mshambuliaji. Mbele tumemweka fundi wa mashine ya kuchanganyia zege. Mbio hana, kelele anazo. Alipiga shuti, mpira ukatua kwenye pipa la maji, akashangilia.

Nyapara akatuketisha. Kufunga hatufungi, akasema, tusidanganyane. Tukae nyuma wote, tupate sare, twende penalti. "Penalti tuna Komeo." Komeo ni mimi. Wote wakanigeukia. Nilitamani wangetazama pengine. Fundi mashine mkewe anakaribia kujifungua. Nyapara hajazika – baba yake alizikwa yeye akiwa hapa, anataka walau kuliona kaburi. Kila mmoja ana mama yake.

Ijumaa, 15 Machi

Dada tena. Asubuhi mama aliniulizia. Mchana alipoonyeshwa picha yangu akauliza, huyu kijana ni wa nani?

Jumamosi, 16 Machi

Msimamizi wa Nondo alinifuata bombani nikinawa. Hakuzunguka.

"Komeo, hamia kwetu leo. Jumatatu uko kwenye basi. Mama anaumwa, au siyo?"

Shemeji huyo. Mdomo wake!

Nikamwambia, kipa mnaye.

"Tunaye. Wewe utakaa tu."

Nikamuuliza ukweli. Kwetu hakuna hata mtu wa kufunga goli, mtatushinda tu, mnanitakia nini? Alikung'uta vumbi kwenye kofia, kama ameona aibu kidogo.

"Bosi hapendi kubahatisha."

Akaniachia mfuko mikononi na kuondoka. Nimeufungua hapa kitandani. Jezi ya buluu, mpya, bado ina mikunjo ya dukani. Mgongoni wameandika KOMEO. Kuandikisha jezi ni mpaka mjini, na mjini gari huenda Jumatano tu. Kwa hiyo Alhamisi, wenzangu wakinikodolea macho, jina lilikuwa tayari limeshachapwa.

Nimeipima kifuani. Inanitosha kabisa.

Nikiwa na glavu kesho, labda sare. Labda penalti. Labda nidake. Labda tatu hizo, na mama hana labda. Nikiwa na hii, Jumatatu basi. Na wale kina fundi mashine wanasubiri paa. Halafu mwakani nani atajisumbua kucheza?

Fundi mashine yuko mlangoni. Nasikia anadundisha mpira ukutani, anaita.

"Komeo! Toka bwana! Tumekuchangia glavu mpya, njoo uzijaribu!"

Nimemjibu nakuja. Ameuliza kama aingie nazo ndani.

Jezi nimeikalia.