Ukulele ya Fundi Imeshuka Sauti

Muhima, Kigali
Mwisho wa Agosti, 1993

Baba,

Najua ungeuliza kwanza kama mvua imenyesha, ndipo uulize habari za watu. Haijanyesha. Vumbi la Nyabugogo linapanda mpaka huku kwetu. Nikifagia asubuhi, kabla ya saa sita nafagia tena, na Mama ananiangalia kana kwamba vumbi nimelileta mimi. Watu tupo. Wengine hatuna habari zao, nitafika huko.

Nakuandikia kwa Kiswahili chako cha Kigoma kwa sababu ndicho ulichonigombezea tangu utoto. Mtu aliyenigombeza kwa Kiswahili nitamliliaje kwa Kifaransa?

Kibanda chako cha kutengeneza redio sasa kina mama anayeuza maharage. Bado wanakuja watu kuuliza redio zao, nami nawapa zile ulizozimaliza, zile ambazo hukuzimaliza nawarudishia na pole. Wanazitaka haraka siku hizi. Kuna redio mpya mjini, inapiga muziki mtamu kweli, halafu katikati ya muziki wanasema maneno ya chuki ambayo ungeyasikia ungeizima na kutema mate nje. Jirani zetu hawazimi. Wanacheka. Mimi nafunga dirisha, na kufunga dirisha ndiyo siasa yangu yote.

Lakini sikukaa chini kukuandikia habari za redio. Ni habari ya ukulele, kile kigitaa chako cha nyuzi nne, na ya tamasha.

Unakumbuka asubuhi ile ya Machi? Wewe huenda hukumbuki, ilikuwa asubuhi kama nyingine. Uliitoa ukutani, ukangoja redio ipige mlio wa saa kamili, ukakaza masikio yake kwa kuufuata mlio huo. Ndivyo ulivyoviita vile vishikio vinne vya kukazia nyuzi, masikio, na ukulele ikishuka sauti ulisema haisikii vizuri. Ukapiga kidogo, ukaitundika. Chai ukanywa umesimama. Mama akakuambia ukae kama watu, ukasema utakaa ukirudi. Ukaenda kazini, ukaangukia pale pale kwenye meza yako. Presha, walisema hospitali, wakatutazama kama vile tulikuwa tumeambiwa tukasahau.

Hukurudi kukaa, Baba. Nami nikakataza mtu yeyote asiiguse ukulele. Wakati wa ikiriyo, siku za matanga, nyumba ilipojaa ndugu wa Mama, binamu mmoja alinyoosha mkono ukutani nikamfokea mbele ya wazee. Wakaniona nina wazimu wa msiba, wakaniacha. Hawakujua nilichokuwa nalinda. Sauti iliyokuwa kwenye zile nyuzi uliiweka wewe. Ni kazi ya mwisho ya mkono wako katika nyumba hii, na ilikuwa bado inasikika. Kila jioni nikitoka sokoni nilikuwa nagusa uzi mmoja mmoja kwa ukucha, taratibu, nasikiliza, basi.

Wiki za kwanza ulikuwepo. Halafu ikaanza kushuka. Unaujua mshipi wa kuvulia samaki, wewe ndiye uliyetufundisha kuutumia kwa nyuzi: hata usipoguswa unalegea. Nilisikia jioni hata jioni wewe unavyoondoka mara ya pili, polepole, na safari hii niko hapo hapo naangalia. Nikikaza, ule ni mkono wangu, wako umefutika. Nisipokaza, unafutika wenyewe. Nilikaa na jambo hilo mpaka kiangazi, sikumwambia mtu, maana ningemwambia nini? Kwamba nalia kwa sababu ya uzi?

Ndipo Kaliksti akaja kutoka Kicukiro. Mtu wako hajabadilika, bado anavaa lile koti la ualimu kwenye jua. Alisema ukumbi wa parokia umepatikana, Jumamosi na Jumapili kama kila Agosti. Nikamuuliza tamasha la nini, na barabara zenyewe hizi zilizozibwa na bariyeri za askari. Akasema ndiyo maana hasa. Kisha akatazama ukutani, nami nikajua anachotafuta.

Maana sheria yetu uliitunga wewe. Ulipoinunua ile ukulele kwa mwalimu mzungu aliyekuwa anarudi kwao, uliicheka wiki nzima ukisema ni gitaa lililonyimwa chakula, na baadaye ukawa huachani nayo, mpaka Mama akaipa jina la mke mwenza. Kaliksti akachonga yake kwa mbao za sanduku, Bonifasi wa Butare akachonga yake, na wengine wakafuata, kila mtu na ufundi wake mbaya. Na kwa kuwa yako tu ndiyo ilikuwa ya kweli, mlikubaliana kwamba tamasha haliwezi kuanza mpaka wote wapokee sauti kwako. Unakaa katikati, unapiga uzi mmoja, wote wanakaza mpaka wafanane nawe, ndipo uzi wa pili. Hata asiyejua kitu alikuwa ananyamaza wakati huo kama kanisani.

Nilimwambia Kaliksti nitaileta na nitatoa sauti, ila masikio yake hayaguswi. Inabaki ilivyo. Alijua imeshuka, aliisikia pale pale nilipoigusa. Alifikiri kidogo, akasema, "Sawa. Tutashuka sisi."

Nilimpenda siku ile, Baba. Nakuambia ili ujue una rafiki.

Jumamosi niliifunga kwenye kitenge, nikaenda. Kwenye bariyeri askari alinifungulisha, akauliza ni kitu gani, nikasema gitaa dogo. Akaniambia nipige. Nikasema haijawekwa sauti. Akacheka, akasema hata yeye hajawekwa, nenda. Kijana mzuri tu wa kawaida. Ndicho kinachonichanganya siku hizi, kwamba hujui ni yupi atakayecheka na ni yupi hatacheka.

Bonifasi alimpata ambaye hakucheka. Ukulele yake ilifika kabla ya saa tano, yeye hakufika. Kondakta wa basi la Butare aliileta mpaka ukumbini, Mungu ambariki, akatuambia bwana aliteremshwa kwenye bariyeri njiani. Walitazama kabila kwenye kitambulisho chake, wakamwambia asimame kando. Basi lilipoanza kuondoka akaipitisha ukulele dirishani, akasema ipelekeni Kicukiro. Kaliksti alipiga simu parokia ya Butare, haikupokelewa. Akapiga tena. Tukakaa tunaitazama simu. Kisha mtu akasema kwa sauti ndogo kwamba Bonifasi ametuma ukulele ili tupige, siyo ili tukae, basi tukaiweka juu ya kiti chake, tukaanza.

Tulikuwa wachache, pengine nusu ya mwaka jana. Nilikaa mahali pako. Nilipiga uzi wa kwanza, wakalegeza. Wa pili, wakalegeza. Baba, kila uzi ulikuwa umeshuka kwa hiari yake, mmoja sana, mwingine kidogo, na wao wakafuata kila mmoja pale ulipokuwa, kwa unyenyekevu, bila kukunja uso. Nyuzi zilikuwa legevu mpaka zinagonga mbao. Tulipoanza wimbo wako wa kufungulia kikatoka kitu ambacho sijui nikuambieje. Kuku akipita juu ya ukulele kumi angepiga vizuri zaidi.

Na hawakuacha. Ungewaona. Watu wazima, wengine na wajukuu, walipiga uozo ule siku nzima mpaka vidole vikawauma, wakapiga makofi, wakasifiana. Walikuwa wananifanyia hisani, nami nilikuwa nakaa katikati nikijua kwamba ninachowasikilizisha siyo wewe. Nilijua tangu wimbo wa kwanza. Ila kukiri sikuweza, maana nikikiri nakuwa sina kitu chochote.

Jumapili baada ya misa akaja Mama. Mama, ambaye hajawahi kuja hata mara moja, ambaye alisema siku atakayokwenda kwenye harusi ya mke mwenza mtamzika. Alikuja na kitenge chake cha msiba, akakaa nyuma karibu na mlango. Alisikiliza wimbo mmoja mpaka mwisho. Halafu akasimama, akapita katikati ya viti, akaja mpaka mbele yangu.

"Bwana yangu hakupiga kitu mubaya hivi hata siku moja," akasema. "Kaza."

Nikamwambia hapana, huo ni mkono wake, aliuweka mwenyewe. Nilisema kwa hasira, mbele za watu, nisamehe. Mama hakupandisha sauti.

"Mukono yake iko kwa kaburi, mwanangu. Kila asubuhi alikuwa anakaza. Kila asubuhi. Kaza."

Kaliksti aliinuka, akasema kama naona vigumu atakaza yeye. Nikasema hakuna atakayeigusa. Basi wote wakanitazama, na hapo nikaelewa kwamba sina pa kwenda. Nilitamani mtu anizuie. Nilimtazama Mama kama atanihurumia, akawa anatazama sakafu. Nikashika sikio la kwanza.

Lilikwaruza kidogo, likazunguka, uzi ukaanza kupanda. Nilikuwa nimejiambia nitapanda polepole na nitakapofika mahali ulipokuwa nitajua, nitakutambua kama mtu anavyotambua kikohozi cha baba yake mlangoni. Sikukutambua. Nilipanda, nikasikiliza, nikapanda, nikarudi. Lazima nilipita pale ulipokuwa, Baba, pengine mara mbili. Sikupajua. Sikio langu siyo lako na redio haikuwepo. Niliacha pale ambapo haikuniudhi, nikaenda uzi wa pili, na wa tatu, na wa nne, na machozi yakawa yananidondokea juu ya mbao nikawa nayafuta kwa kitenge kwa sababu ulikuwa unachukia maji kwenye mbao.

Wakapokea sauti kwangu. Tukapiga.

Ilikuwa nzuri. Nakuambia kweli, sikuwahi kusikia tukipiga vizuri namna ile, hata ulipokuwepo. Wanawake wa parokia waliokuwa wanaosha vyombo nje waliingia na mikono yenye povu. Kaliksti alicheza na lile koti lake. Mama alisimama palepale, kichwa kinakwenda taratibu, midomo imefumba. Na mimi nilipiga huku nikifikiri kwamba kama ingebaki mbaya ningevumilia. Ilikuwa nzuri bila wewe, hilo ndilo lililonimaliza.

Sasa imetundikwa palepale. Simwambii mtu kwamba kila mlio wa saa naikaza, kwa kuwa wataniambia nimepona, na sijapona. Pembeni yake nimepigilia msumari mwingine nikatundika ile ya Bonifasi. Nimekwenda stendi ya Nyabugogo mara nyingi kuuliza makondakta. Mmoja anasema alimwona sokoni Butare, mwingine anasema watu walioteremshwa siku ile hakuna aliyewaona. Nilitaka kwenda mwenyewe, Mama akashika mlango. Sina mtu wa kumwuliza, Baba. Wa kuulizwa ni wale wale wa bariyeri. Wewe ungekuwa na mteja fulani, kanali fulani uliyemtengenezea redio, ungevaa viatu ukaenda. Mimi najua bei ya vitenge tu.

Watu wanasema mkataba wa amani umetiwa sahihi. Kaliksti anaamini, ameshaomba ukumbi wa mwakani na padri amekubali. Mama amesema atakuja tena, na atapika, ili tusile yale maandazi ya parokia. Nimeamua niamini na mimi, kwa sababu nimejaribu kutoamini na haisaidii kitu.

Pumzika, Baba. Kaa sasa, hakuna anayekuharakisha. Mama hakutumii salamu, ila sahani yako bado anaiosha, basi hesabu hiyo kuwa salamu.

Nami nakuahidi hivi, na unanijua sivunji: Agosti ya mwaka 1994 tutakuwa wote Kicukiro, mimi, na Mama, na Kaliksti, na Bonifasi akiwa kwenye kiti chake, hata ikibidi nimfuate Butare kwa miguu. Sauti nitatoa mimi.

Mwanao,
Imakulata