Injini ya Lori Haingii Humu

Lushoto, 14 Januari 1974

Kaka Mika,

Shikamoo. Mama hajambo, mifyulisi imezaa mpaka matawi yanavunjika, na injini ya lori uliyoituma kutoka Tanga imefika salama.

Sitaifunga kwenye gari letu la mashindano. Nimeipima kwa mizani ya ushirika, imeizidi ile ya zamani kwa kilo tisini na mbili. Kushuka Soni hadi Mombo nimehesabu kona arobaini na saba. Kwa uzito huo mbele, kona ya kwanza yenye tope ingekupeleka korongoni.

Ulimwandikia fundi Rajabu kwamba mimi ni wa kubadilisha oili tu, kusuka injini ni kazi ya wanaume. Aliisoma barua mbele ya gereji nzima, wakacheka. Miaka tisa nalala chini ya magari, kaka.

Basi, injini ile ya zamani nimeisuka mwenyewe kwa siku kumi na moja: silinda zimechongwa, pistoni na ringi ni mpya. Jana nilipanda nayo kutoka Mombo, nikapunguza dakika tano kwenye muda wako bora. Rajabu ndiye aliyeshika saa. Akasema, "Dada, kaka yako asijue hili." Nakujulisha.

Injini yako nimewapa wanakijiji wa Mgwashi kwa mashine ya kusaga. Mwenyekiti amekushukuru kwa jina mkutanoni, kwa hiyo usithubutu kuidai.

Mashindano ni Jumamosi. Usukani naushika mimi. Ukija, kaa pembeni unisomee kona.

Mdogo wako,
Fundi Yudith