Kadi niliyoitundika msibani kwa Desmond

Shoga, usicheke. Nimetoka msibani kwa Desmond sasa hivi, niko kwenye gari.

Si unajua alivyopenda zile kadi zake za posta za vichekesho vya magari ya zamani? Nikaikuza moja, kubwa kama mlango, nikaitundika juu ya meza ya sandwichi. Pichani, miguu ya mume imetokeza chini ya gari, mke anaita, "Chai inapoa."

Nimeitundika mimi mwenyewe. Msibani kwa mtu aliyeangukiwa na gari akilitengeneza.

Mjane wake, Beryl, akaitazama. Nikamwambia, "Nisamehe, naishusha."

"Iache. Alizoea kuniigizia hiyo, analala chini ya gari nikimwita hajibu. Hata Jumanne ile ya ajali nilimwita, hakujibu, nikajua ni utani wake. Nikanywa chai yangu, kisha na yake."