Saa za Kwenda Milimani

Jumatatu, 12 Januari

Vyumba kumi na sita vya hoteli leo, ghorofa ya kumi na tisa. Hapo ndipo juu kabisa ninapofika katika nchi hii, na napandishwa na lifti, nikisukuma toroli la mashuka. Dirishani bahari na vumbi, bapa kama meza. Mtu wa milima ya Makete hana pa kuegemeza macho hapa Doha.

Ujumbe kutoka kwa Tumaini. Wa kwanza kwa miaka mitatu. "Shikamoo mama. Naenda Peru, kazi ya viazi. Ijumaa natua Doha saa tatu, naondoka saa nane. Nina viza ya kupita, naweza kutoka nje. Kama utakuwa na nafasi."

Kama nitakuwa na nafasi! Mwanangu wa kumzaa ananiandikia kama karani wa wilaya.

Nimejibu neno moja: Nitakuwepo.

Jumanne, 13 Januari

Nimesoma kila nilichopata kuhusu Andes. Vitabu vya watalii vinanitia hasira. Kurasa nane za hoteli, mistari miwili ya baridi. Namwandikia maelezo yangu mwenyewe kwenye daftari.

Safu za milima zimekwenda sambamba, katikati uwanda wa juu, mkavu, wenye upepo. Uwanda wetu wa Kitulo tunaojivunia ni uvungu tu kwa kule. Mvua ni miezi ileile ya kwetu, Novemba hadi Machi, kwa hiyo anakwenda wakati mbaya. Barabara huporomoka. Lakini viazi ndiyo vinachanua na ugonjwa wa ukungu ndiyo unashika majani, na yeye anafuata ugonjwa huo. Viazi vyote duniani asili yake huko. Ajue anakwenda kwa wenyewe.

Akifika, ashuke bondeni alale siku mbili kabla ya kupanda. Kichwa kikimgonga, asijitie ushujaa, ashuke. Maji mengi. Chai ya majani ya koka anywe hukohuko, asibebe hata jani moja, mipakani huhesabiwa dawa ya kulevya. Jua la juu huunguza hata pakiwa na baridi.

Jumatano, 14 Januari

Nimenunua sweta la sufu hapa mtaani, Fereej Bin Mahmoud. La kijani. Mwenye duka aliniuliza nasafiri kwenda wapi. Nikasema Peru. Uongo ulinipendeza hadi mlangoni kwangu.

Akinyi, Mkenya tunayeishi naye chumba kimoja, mlinzi wa jengo la ofisi, alinikuta nabishana na ramani. Akacheka. "Mathe, wewe hata mlima unaugombeza." Nikamsomea ujumbe wa Tumaini. Akauliza, "Saa tatu ya wapi? Yetu ama ya simu?"

Nikamshukia. Kiswahili kina saa moja tu, inayoanza jua likichomoza. Niliwahi kuandika safu nzima gazetini dhidi ya wanaosoma saa za Kizungu kwa maneno yetu. Akinyi akainua mikono. "Sawa, mathe. Yaishe."

Alhamisi, 15 Januari

Sikulala vizuri. Naiandika kweli, hakuna mwingine wa kuisoma. Miaka mitatu iliyopita niliandika makala ya kuwakejeli wataalamu wanaorudi vijijini kuwafundisha mama zao kulima kiazi. Nikamtaja "mtaalamu mmoja ninayemfahamu". Makete nzima ilijua ni nani. Ilikuwa makala nzuri. Bado naiona nzuri, na ndiyo aibu yangu. Gazeti likafungwa, nikaja kutandika vitanda vya watu. Tumaini hakuja kunisindikiza.

Nimeongeza daftarini: radi na mvua ya mawe huanza mchana. Basi la kuvuka mlima apande la saa kumi na mbili, si baadaye.

Ijumaa, 16 Januari

Sikwenda kanisani Mesaimeer, ingawa hapa ibada yetu ni Ijumaa. Saa tatu kasoro nilikuwa uwanja wa ndege, mlango wa kutokea, na daftari na sweta. Saa nne. Saa tano. Kiti cha chuma. Watu wanakumbatiana mbele yangu kama wamelipwa. Simu yake haipatikani. Saa nane hakuna mtu.

Nimemwandikia: "Umenikalisha saa tano nzima kama mwombaji. Ukatili nilikufundisha, umenizidi. Safari njema na viazi vyako." Nimezima simu. Zamu ya jioni. Nimetandika vitanda kwa hasira, mashuka yamenyooka kama mbao.

Jumamosi, 17 Januari

Asubuhi nimewasha simu. Simu zake kumi na moja hazikupokelewa. Kisha ujumbe mmoja mmoja.

"Mama nimetua sasa hivi. Nilimaanisha 3:00 ya tiketi, mchana. Kosa langu."

"Mama niko mlango wa kutokea."

Picha. Kiti cha chuma. Nakijua kile kiti.

"Mama, sasa naingia ndani."

Nilipotoka mimi, saa moja baadaye alitua yeye. Akakaa mpaka jioni akisoma nilichomwandikia.

Akinyi hakusema, "Nilikwambia." Amenipikia ugali. Afadhali angesema.

Jumapili, 18 Januari

Nimejaribu kuomba radhi mara tatu. Mara zote aya ya pili inaanza na "Hata hivyo". Nimefuta zote. Najua kushambulia tu.

Nikaamua kupiga picha kurasa za daftari nimtumie. Nikafika penye basi la saa kumi na mbili. Nikaweka simu chini. Kwa saa zake hilo ni basi la mchana. Angepanda katikati ya radi kwa kunitii.

Nimekata saa zote, ukurasa kwa ukurasa, nikaziandika upya kwa saa za tiketi. Basi, 6:00 asubuhi. Uwe umeshuka kabla ya 12:00. Mwandiko ulinikataa kidogo. Nimetuma.

Alhamisi, 22 Januari

Amejibu. "Nimelala bondeni siku mbili kama ulivyosema. Kichwa kimetulia. Nimepanda la 6:00. Mvua ya mawe imetupiga tukiwa tumeshafika. Asante mama. Narudi kupitia Doha Ijumaa tarehe 6 Februari, saa tisa."

Sweta halitamfaa tena, atakuwa ameshashuka milimani. Nimelitundika nyuma ya mlango.

Saa tisa. Ya kwake ni asubuhi, ya kwangu ni alasiri. Sijamuuliza safari hii ametumia ipi. Nimeomba ruhusa siku nzima. Nitabeba chakula, nitakaa kile kiti tangu asubuhi.