Mama Uliyeniachia, na Ufalme Ule

Baba yangu uliyenyamaza,

Jana nilikuwa napiga pasi shati, nikajikuta nasimulia peke yangu habari za yule mfalme wetu wa vita. Ni wewe uliyeniambukiza. Ulifundisha historia sekondari, lakini darasa lako halisi lilikuwa jikoni kwetu Nyakabanda, kwa Kiswahili cha Karagwe ulikokulia ukimbizini. Watoto wenzangu walisimuliwa sungura na fisi. Mimi nilisimuliwa mapinduzi ya ikulu.

Ulikuwa ukimwaga maharage mezani tuyachambue, ukayapanga ramani: huku kaskazini mfalme kapiga, huku magharibi kapiga, hadi ng'ambo ya ziwa. Kisha unashusha sauti: mfalme kafia safarini. Muda si mrefu nchi alizoziteka zikaacha kuleta ng'ombe wa kodi, wakuu wakachinjana, na wazungu walipofika walikuta nyumba imeshapasuka, wakaingia bila kupiga hodi. Maharage yanarudi sufuriani, jioni tunakula ufalme.

"Kosa lilikuwa wapi?" uliniuliza kila mara, na kila mara ukajijibu mwenyewe. Mila haikumruhusu mfalme kutawala bila mama ikulu, bega kwa bega. Mrithi alikuwa amefiwa na mama yake, basi mfalme, baba yake, akamteulia mmoja wa wake zake wengine awe mama yake. Mke huyo alikuwa na mwana wa kumzaa, na kaka wenye nguvu. Mfalme alipokufa, haukupita muda mrefu kaka hao wakamvamia mrithi, akafia ndani ya nyumba inayowaka moto, na mwana wa mama yule akakalia kiti.

Halafu mama yangu mzazi akafariki. Baadaye ukamwoa Mama Eriki, ukaniambia huyu ndiye mama yangu sasa. Eriki alipozaliwa nilikutania kwamba mzee, umefanya yale yale ya mfalme wako. Ulicheka hadi ukapaliwa na chai. Kisha ukasukuma kikombe kando.

Hospitalini uliniuliza, "Nikiondoka, mtapatana?" Nilisema ndiyo upesi, kama mtu anayefukuza nzi. Hukuniamini, nilikuona.

Basi sikiliza. Siku ya kuanua matanga ukoo wote ulikuja, pombe ya mtama ikaletwa, ikabaki kumkalisha mrithi kwenye kiti chako kama desturi inavyotaka. Kaka wawili wa Mama Eriki wakaanza, kwa adabu zote: Eriki ndiye mwenye mama hai, na nyumba hushikwa na mwenye mama. Baba mdogo akainamisha kichwa. Mimi, Baba, niliogopa. Nilisema moyoni, haya, ndiyo yale.

Mama Eriki akasimama. Unajua anavyoongea, polepole kama anachuja maziwa.

"Huyu mutoto nimemulea," alisema. "Mukimutoa kwa kiti, munitoe na mimi. Eriki iko na mukubwa wake. Rwose, kweli kabisa, hapa hakuna vita."

Kaka zake walimaliza pombe yao wakaaga mapema. Eriki, ambaye siku hizi ananipita urefu, alinishika mkono akanikalisha mwenyewe.

Jumapili tunakula kwa Mama Eriki, ugali na isombe ya majani ya muhogo, na kila mtu anasimulia habari zako kivyake. Eriki anakuiga ulivyokuwa ukikohoa kabla ya kumkemea mtu. Mama yake anacheka, kisha anakwenda jikoni kufuta macho, akidhani hatumwoni. Nakukosa, Baba. Nimeukosa hadi ubishi wako, na ulikuwa mbishi kupita kiasi.

Kama yule mfalme alikufa na wasiwasi juu ya mama aliyemteua, sijui. Ila wewe najua uliondoka nao, na hilo ndilo linaloniuma hadi leo. Ndiyo maana nimeandika. Uliteua vizuri, Baba. Tumepatana. Lala.

Mwanao mkubwa,
mwenye mama wawili